Haki ya Kutoka

Walichimba jikoni kwake. Hawakuchimba uani wala migombani, ambako mvua ilikuwa imelainisha udongo. Waliingia moja kwa moja ndani, wakaking'oa chungu cha maharage kikiwa bado kinachemka, wakayatupa mafiga pembeni na kupiga jembe palepale penye majivu ya moto. Tumpale alikuwa amesimamishwa ukutani, khanga yake imelowa mchuzi, na watu wa Ilulwe walikuwa wamejazana mlangoni kutazama.

Aliyechimba alikuwa mwanamume mnene mwenye koti refu, mmoja wa wale wapiga ramli wanaojiita lambalamba, ambao huzunguka vilima vya Ileje wakiitwa na vijiji kuja kusafisha uchawi. Tumpale aliutazama mkono wake wa kushoto. Muda wote jembe lilipokuwa likifanya kazi kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ulibaki ndani ya koti. Kisha ukatoka, ukaingia shimoni, ukaibuka na pembe ya mbuzi iliyofungwa kitambaa chekundu.

"Ameitia mwenyewe," Tumpale alisema. "Si mmemwona?"

Hakuna aliyekuwa amemwona. Frida, jirani yake, aliitazama ile pembe, akarudi nyuma. Mvua za mwanzo alikuwa amezika mtoto aliyeungua homa hadi akakata roho, na mikono iliyomwosha maiti yule mdogo ilikuwa ya Tumpale.

Mchana waliitwa wote uwanja wa shule. Mkutano uliongozwa na Mbonile, mwenyekiti wa kijiji, mdogo wake marehemu mume wa Tumpale. Baada ya msiba wa kaka yake aliwahi kumtaka Tumpale aliachie shamba la kahawa na kurudi kwao, na Tumpale akakataa. Siku ile Mbonile hakutaja kahawa. Alizungumzia haki. Kabla ya mavuno, msaidizi wa kisheria aitwaye Judith alikuwa amekuja kutoka Vwawa kuwafundisha haki za binadamu kwenye uwanja uleule, na Mbonile alikuwa amesikiliza vizuri kuliko wengi.

"Tulifundishwa hapa kwamba haki ya kwanza ni haki ya kuishi," alisema kwa sauti ya upole. "Watoto wetu nao ni binadamu. Sasa nauliza, haki yao analinda nani?"

Watu wakaguna kukubali. Mwalimu Timotheo alisimama akasema kwamba mtuhumiwa naye ana haki, kwamba homa iliyoua watoto ni malaria, na kwamba zahanati haijaona dawa tangu kiangazi. Mtu mmoja akamuuliza, bila ukali, kama yeye ni mzaliwa wa pale. Timotheo akaketi. Ikakubaliwa kwamba kesho yake Tumpale atanyweshwa dawa ya lambalamba. Kama hana kitu, haitamdhuru.

Kila mtu pale alimkumbuka mzee Kasiani wa ng'ambo ya bonde. Naye aliambiwa hivyohivyo. Walimzika midomo imebabuka.

Tumpale hakuingoja kesho. Alipitia ndani ya kahawa kama anayekwenda kuokota kuni, akateremka na kijito, na jua lilipokuwa likielekea kuzama alikuwa amefika kituo kidogo cha polisi cha kata. Afande Yonasi alikuwa peke yake. Alimpa maji, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Halafu akamweleza hali ilivyo. Pikipiki ya kituo haikuwa na mafuta. Wale waganga walikuwa wameletwa na kijiji chenyewe kwa kura, na alipowauliza wakubwa wake afanye nini, aliambiwa atumie busara, asigombane na wananchi. Hakuwa na nyumba ya kumficha mtu. Mlango pekee wenye kufuli ulikuwa wa mahabusu.

"Huna kosa, bibi," alisema akimfungulia. "Nakulinda tu."

Akalala juu ya sementi wanakolala wezi wa ng'ombe, ndoo kwenye kona na blanketi lenye harufu ya watu wengine. Asubuhi Yonasi alimletea uji. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake, hakumfokea, na alipotoka hakuacha kufunga.

Nondo za mlango zilitazama barabara. Siku za mwanzo watu walipita tu. Kisha wakaanza kupunguza mwendo. Wanawake wa viazi walitua mizigo yao ng'ambo ya barabara, wakamtazama kama anavyotazamwa chui mtegoni. Mmoja alimzuia mwanawe asisogee. Siku ya gulio lilirushwa jiwe, likagonga nondo, na hakuna aliyegeuka kuona limetoka wapi. Tumpale alianza kuelewa kinachosemwa sokoni, maana walikisema kwa sauti ya kumfikia: asingekuwa mchawi, polisi wangemfungia nini?

Judith alipopata habari alikuja na bodaboda kutoka Vwawa, tope hadi kwenye nyusi. Alisimama mbele ya meza ya Yonasi na kuuliza bibi huyu ameshtakiwa kwa kosa gani. Yonasi akasema hakuna kosa. Judith akauliza basi anashikiliwa kwa sheria ipi, na kama afande anajua kwamba kumfungia raia bila shtaka ni kuvunja haki zake, na kwamba yeye angeweza kulifikisha jambo hili mkoani leo hiihii. Yonasi akajibu kwamba nje kuna watu wanaotaka kumuua. Judith akasema kazi ya polisi ni kuwakamata hao wanaotaka kuua, na si kumfunga anayetishiwa kuuawa. Yonasi alitazama nje kupitia mlango wa ofisi, kuelekea vilimani, akauliza awakamate wangapi, na awaweke wapi.

Walibishana hadi kivuli cha bendera kikavuka uwanja. Wote wawili walizungumza vizuri. Tumpale alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, nyuma ya nondo, akimsikiliza kila mmoja akimtetea. Alipokohoa, Judith aligeuka akamwambia, "Vumilia kidogo mama, unatoka leo."

Tumpale akauliza atatoka kwenda wapi. Judith alikuwa amekwishamgeukia Yonasi.

Mbonile akaitwa. Alifika na wazee wawili, kofia mkononi, akamsikiliza Judith kwa heshima kama siku ile ya mafunzo. Akasema kijiji kinaheshimu sheria. Akasema huyu ni shemeji yake, mke wa kaka yake, nani wa kumlinda kama si yeye. Aliahidi mbele ya afande kwamba hakuna atakayemgusa. Judith alimshika mkono, akashukuru, akaacha namba yake ya simu. Tumpale alipoinua mkono kupitia nondo, Judith aliubana kwa mikono yote miwili na kumwambia kwamba sasa yuko huru. Bodaboda ilikuwa inamngoja. Alitakiwa kijiji kingine kabla mvua haijafunga njia.

Mlio wa pikipiki ulipopotea, Yonasi akaja na ufunguo.

Nje Mbonile alikuwa amesimama palepale. Nyuma yake watu walikuwa wameongezeka, wametulia, hawana fimbo wala mapanga. Kwenye ukingo wa barabara, yule mwenye koti refu alikuwa amechuchumaa, akisugua meno kwa mswaki wa mti.

"Twende nyumbani, shemeji," Mbonile alisema. "Watu wanakungoja."

Yonasi aliusukuma mlango ukafunguka wote. Tumpale hakutoka. Alizikamata nondo za mlango kwa ndani, mikono yote miwili, akaubana mgongo wake ukutani.

"Nifungie, mwanangu," alisema. "Andika kwamba nimeiba. Andika chochote."

"Usinitie matatani, bibi. Umemsikia yule mama. Nikikushikilia navunja haki zako."

Akaanza kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, akichunga asimuumize.