Mama Festo Ndani ya Biri

Jumatatu moja mwezi wa pili, baada ya misa ya asubuhi, Mama Festo alifungua chumba cha nyuma katika nyumba ya Twalibu, pale Ipuli, akaanza kupanga majani kwenye makasha ya mninga. Safu ya tumbaku, kitambaa, safu ya kahawa, kitambaa, tumbaku tena. Kahawa ilikuwa ya Kigoma, imeshuka na treni ya Jumamosi, na alikuwa ameikaanga mwenyewe kwenye chungu mpaka ikawa nyeusi bila kuungua. Mtaa ulizijua siku za kukaanga kahawa, kwa sababu watu walipita pale taratibu kuliko siku nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza biri. Si sigara za pakiti, zile za kununua moja moja dukani; biri nene kama kidole gumba, zinazosokotwa kwa mkono, za watu wenye nafasi ya kukaa saa nzima bila kuulizwa. Jani hulala na kahawa siku arobaini, likainywa harufu yake, ndipo lisokotwe. Biri hizo zilikwenda Dar es Salaam, Nairobi na mbali zaidi, kila moja imevishwa pete ya karatasi ya dhahabu iliyoandikwa "Twalibu na Wanawe, Tabora". Twalibu hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti wanne, na wote moshi unawakera. Kikaratasi cha ndani ya boksi kilieleza kwamba babu yake aliwasokotea biri kama hizo wakuu wa misafara iliyopita Tabora ikielekea Ujiji. Babu yake aliuza mafuta ya taa, na wazee wa mjini wanamkumbuka kwa udogo wa kipimo chake.

Aliyesokota ni Mama Festo, mwaka wa kumi na moja sasa. Hakuna aliyemwita kwa jina lake isipokuwa padre, na jirani yake Koleta.

Hakutaka mambo mengi. Alitaka boksi liandikwe kwamba fundi ni yeye, Eustadia, kwa herufi za kawaida tu. Mumewe Renatus alikuwa seremala, na kila kiti alichotengeneza alikichonga jina lake chini ya kikalio. Alipofariki, Mama Festo alizunguka nyumba za watu Tabora akiomba ruhusa ya kupindua viti. Alivipata thelathini na saba. Tangu hapo alikuwa na wivu, na hakuona aibu kuusema, kwa kuwa yeye alikuwa amesokota biri laki moja na zaidi, na zote zilikuwa zimeungua na jina la mtu mwingine.

Twalibu alimwelewa. "Siku tukipata medali, Mama Festo, jina lako linaingia kwenye boksi," alimwambia. "Wallahi." Twalibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochelewesha mambo.

Mwaka huo, kwa ajili ya mashindano ya biri, alitafuta ushauri wa mtaalamu kwa simu. Mtaalamu akasema chumba kifungwe siku zote arobaini na asiingie mtu yeyote, isipokuwa mara moja kwa wiki kugeuza majani. Twalibu aliyaandika maagizo hayo kwenye karatasi, akaibandika mlangoni. Mama Festo aliisoma mpaka mwisho, akakubaliana nayo, kisha akaingia na kigoda chake.

Hakuwa anakaidi. Alizaliwa Kigwa, katika ukoo wa wakausha tumbaku, na huko jani likishaingia bani, kibanda cha kulikaushia kwa moto, haliachwi peke yake hata dakika moja. Moto ukizidi, msimu umekwenda. Kila familia ina mtu wa kukaa na jani: anakula palepale, anapokea wageni palepale. Mwaka ambao shangazi yake alitoka kidogo kwenda kutazama harusi, bani liliteketea, na harusi hiyo haikutajwa tena nyumbani kwao. Kwa hiyo Mama Festo aliposoma "asiingie mtu yeyote", alielewa watu wa nje. Wa kukaa na jani si mtu yeyote.

Akakaa siku arobaini. Alimenya karanga. Alifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka, sauti ya pili, na ubeti wa tatu ukawa unamshusha sauti palepale kila alipofika. Koleta alikuja kuazima kinu, akasimama mlangoni kwa saa moja na nusu akieleza kwa nini hana haja ya kukaa. Jumanne ya wiki ya pili Mama Festo alilia dakika kumi, akanawa uso, akaendelea na karanga.

Sasa, tumbaku ni jani lenye umbea. Mkulima yeyote wa Tabora atakwambia: ukiweka robota la tumbaku karibu na dagaa, mnunuzi atanusa dagaa. Ukiliweka karibu na mafuta ya taa, umelipoteza. Hushika kila lililo jirani na kwenda kulisema mbele ya watu. Hivyo jani lilishika kahawa, kama lilivyotakiwa, na lilimshika Mama Festo, aliyekuwa karibu zaidi kuliko kahawa.

Mashindano yalifanyika mwezi wa sita, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni jirani na stesheni, saa nne asubuhi, wakati ulimi haujachoshwa na chakula. Waamuzi walikuwa watano. Aliyewaongoza ni Valentino, mwenyekiti wa wapenda biri wa Dar es Salaam, mtu mwenye mkasi wa fedha mfukoni kwa ajili ya kukata vichwa vya biri. Pembeni yake alikaa Najiat, muonja kahawa kutoka Ujiji, ambaye alizungusha moshi mdomoni akautoa bila kuumeza, maana kuumeza ni ushamba. Twalibu alivaa suti. Mama Festo alipewa birika na sahani ya kashata.

Waamuzi walianza kwa kunusa. Kisha wakavuta kabla ya kuwasha, wakawasha kwa njiti ndefu, wakigeuza taratibu ili moto ushike pande zote. Biri huonjwa kwa mafungu matatu, na kila fungu huandikwa. Fungu la kwanza, wote waliandika yaleyale: kahawa ya chungu, ngozi mpya, asali ya miombo.

Fungu la pili, Valentino alikohoa kidogo kuomba usikivu. "Mimi hapa nina Koleta, anaazima kinu."

"Nami ninaye," alisema Najiat. "Amesema atakirudisha kesho."

"Hatakirudisha kesho," alisema mwamuzi wa tatu, ambaye alivuta haraka na alikuwa ametangulia.

Wakaandika. Fungu la tatu liliingia na wimbo wa Pasaka. Waamuzi watano, wawili kati yao Waislamu na mmoja asiyekuwa na dini, waliimba sauti ya pili kwa kunong'ona, wakashuka palepale kwenye ubeti wa tatu, na hakuna aliyejaribu kurekebisha. Halafu wakafika Jumanne. Valentino aliweka biri yake kwenye kisahani, akatoa leso. Walimlilia Renatus, seremala ambaye hawakuwahi kumwona, kwa dakika kumi kamili, wakafuta macho, wakaandika: chumvi kidogo, mwishoni. Majivu yalisimama bila kudondoka muda wote huo, jambo lililoongeza alama mbili.

Najiat ndiye aliyeinuka kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanamke mwenye birika.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia, ingawa Kinyamwezi hakukijua mpaka asubuhi hiyo.

"Mwangaluka."

"Pole na Renatus."

"Asante, mwanangu. Nimeshapoa."

Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Walimwamkia, wakampa pole, wakamuuliza mwanawe Festo anaendeleaje huko Tura. Mwamuzi wa tatu alimshauri kuhusu kinu. Mama Festo aliwajibu wote, na moyo ukamjaa, kwa sababu haijawahi kutokea kwamba watu watano wenye tai na hereni wamwite Eustadia kwa siku moja.

Kisha wakarudi kujaza fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya harufu, mvuto, majivu, ladha, na uungwana wa moshi. Palipoandikwa "Mtengenezaji" palikuwa pameshapigwa chapa jina la Twalibu. Valentino aliigeuza fomu, nyuma akakuta masharti ya mashindano, akaigeuza tena.

"Bwana Twalibu," alisema, "huyu Eustadia tumwandike wapi?"

Twalibu alihisi suti inambana. Alikumbuka kiapo chake. Alikumbuka pia wanunuzi wa nje, ambao kwa miaka kumi na moja walikuwa wakinunua babu. Alifungua mdomo ili aseme "ni fundi wangu", na maneno yalikuwa tayari yamefika kwenye meno.

"Ni katika ladha," alisema.

Valentino akaandika. Waamuzi walikuwa wamempa mkono Eustadia dakika tano zilizopita, na hakuna aliyeona tatizo, maana nafasi ya ladha ilikuwa pana. Mama Festo alisikia kila kitu akiwa amesimama hatua tatu nyuma. Lilimuuma. Akaendelea kumimina, kwa kuwa vikombe vitatu vilikuwa bado vitupu.

Medali walipata. Ilikuwa ya dhahabu, au rangi yake, na Ipuli ilikula pilau siku mbili. Twalibu alimpa Mama Festo vitenge viwili na kuku hai, akacheza ngoma mbele ya mabinti zake mpaka wakaingia ndani kwa aibu. Mama Festo naye alicheza. Ilikuwa sherehe nzuri, na kuinunia pilau yenye nyama kiasi kile lingekuwa kosa la pili juu ya la kwanza.

Siku iliyofuata aliketi na Koleta uani, akawasha biri moja, ya kwanza maishani mwake, ili aone watu wameona nini. Alipata kahawa, basi. Nyumba yako huwezi kuisikia harufu. Akampa Koleta, ambaye alivuta mara nne, akaitazama biri.

"Kumbe ulijua kinu nilikipasua," alisema Koleta.

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ulikuwa na mambo yako wakati ule."

Koleta alivuta tena, akamuegemea begani, na mwezi huohuo akanunua kinu kipya.

Maboksi mapya yalifika mwezi wa nane kutoka kwa mchapaji. Twalibu hakutaka mtu mwingine ampelekee. Alikwenda mwenyewe chumba cha nyuma, ambako Mama Festo alikuwa ameanza siku arobaini nyingine, na akaweka boksi mapajani mwake kama mtu anayemkabidhi mtoto.

"Mama Festo, nilikuahidi."

Mama Festo alivaa miwani. Juu paliandikwa: Mtengenezaji, Twalibu na Wanawe. Chini, kwa herufi za kawaida tu, paliandikwa: Ladha, kahawa, ngozi, asali, Eustadia. Alipitisha kidole juu ya jina hilo. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, bila kosa hata moja, na lingekwenda nchi kumi na nne.

"Asali imenitangulia," alisema.

"Mpangilio ni wa mchapaji," alisema Twalibu. Alikuwa na furaha ya kweli, uso wote unang'aa. Kisha akakumbuka kilichomleta, akatoa karatasi nyingine. Mnunuzi mkubwa wa nje alikuwa ameagiza maboksi mia tatu, kwa ombi moja dogo. Aliisoma kwa adabu, akitazama sakafu. Wateja wanaomba kahawa iongezwe, na Eustadia apunguzwe kidogo, hasa mwishoni.

"Mwishoni ni Renatus," alisema Mama Festo.

"Najua. Hata mimi nimevuta. Nililia garini njia nzima, kutoka hapa hadi Nzega."

Mama Festo alivua miwani, akaikunja. "Sasa nipunguzwe wapi?"

Twalibu alijibu swali jingine. Alisema labda akae nje ya mlango, kwa majaribio tu, na kwamba yeye mwenyewe atamletea kiti chenye mto. Mama Festo alifikiri. Jani lilikuwa limeshaingia kwenye makasha, na jani haliachwi. Akachukua kigoda chake na ungo wa karanga, akatoka, akaketi upande wa pili, mgongo umeegemea mlango. Koleta alipopita alimkuta hapo akianza ubeti wa kwanza, akasimama kumweleza kwa nini hana haja ya kukaa.

Msimu ule wanunuzi waliandika kwamba kiasi cha Eustadia sasa ni barabara.