Stempu Nne Zisizo na Treni

Kaka yangu aliingia dukani bila hodi, nami sikumwamkia. Ngoma droo. Miaka sita hajakanyaga hapa, halafu anakuja kunibwagia albamu ya marehemu Baba mezani kama vile tulionana jana.

"Mama haoni tena hata kijiko," alisema. "Daktari anataka kumpasua macho mwezi huu, ukipita huo ndiyo basi. Hatuna kitu isipokuwa hizi stempu. Zikague, useme zina thamani gani."

"Umekuja kwa mwizi?"

"Sina pengine pa kwenda."

Mwizi ni mimi. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilichomoa stempu moja ya Baba nikabadilishana na viatu. Moja! Leo nina duka, watu wanatoka mbali niwatambulie stempu zao, lakini kwetu bado nikitoka chumbani wanakagua mikono yangu.

Nikachukua kibano na lenzi. Kurasa za mwanzo, takataka tupu: stempu za kumbukumbu ya maonyesho, ya michezo, ya daraja, zilizochapishwa mamilioni kwa mamilioni. Kaka alikuwa amevikodolea macho vidole vyangu, usoni hanitazami.

"Taratibu," alisema.

"Unanifundisha kazi? Nyamaza."

Ukurasa wa mwisho, moyo ukanilipuka paa! Stempu nne za kumbukumbu ya kuzinduliwa kwa reli. Kwa kawaida zina treni nyekundu. Hizi reli ipo, moshi upo, watu wanapunga mikono, treni hakuna! Kiwandani rangi nyekundu iliruka karatasi moja. Habari zake nilizisoma tu. Kumbe ndizo zile Baba alizonunua dirishani posta siku ya kwanza, nikiwa mtoto, akacheka mpaka akakohoa, akasema watu hawa wanapungia hewa. Nikahesabu meno ya pembeni mwa stempu. Sawa. Nikaukagua uchapaji kwa lenzi. Sawa. Nikatafuta kama kuna nyekundu iliyofutwa kwa dawa. Hakuna.

"Ni zenyewe," nilisema. "Kama gundi ya nyuma ni safi, Mama anatibiwa macho yote mawili na chenji inabaki."

Kaka akatabasamu. Nikazigeuza.

Kila moja ilikuwa imetiwa sahihi kwa kalamu ya buluu, imekandamizwa mpaka gundi imekwanguka.

"Nini hiki?"

"Sahihi. Zote zina sahihi, usije ukatubadilishia. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mpumbavu wewe! Mmeziua! Sasa hazinunui hata dawa ya matone!"

"Mwongo. Unataka nikuachie kwa bei ya kutupa."

"Vuka barabara. Kamuulize mwenzangu."

Alivuka kweli. Nilibaki nimeuma meno, na nakiri, sehemu yangu moja ilifurahi. Dakika kumi baadaye alirudi mabega yameanguka.

"Kasema kama wewe." Akaziinamia. "Tukizibandika kwenye karatasi, je? Nani atageuza?"

"Kila mtu anageuza, kaka. Ndiyo kazi yenyewe."

Nilikuwa na matusi ya miaka sita mdomoni. Nikainamia lenzi nipange nianze na lipi. Nikageuza stempu za daraja: mwandiko wa kaka, umenyooka kama rula. Nikazirudia zile nne. Hapa mwandiko umepinda, umetoka nje ya meno, umeanza tena juu ya pale ulipokwisha kuanza. Mwandiko wa mtu anayepapasa.

"Hizi hukusaini wewe," nilisema.

Akavuta kiti, akakaa.

"Nilisaini zile nyingine. Kufika hizi, Mama akaninyang'anya kalamu. Akasema hizi ndizo Baba alizipenda, na mwandiko wangu wewe utauiga. Wake huuwezi."

Matusi yote yakapotea, nikabaki nautazama mwandiko wa mama yangu, jinsi alivyojikaza asikosee. Uliniuma kuliko maneno yote waliyowahi kunisema.

"Nikimwambia amejipofusha kwa mkono wake, atakufa," alisema kaka. "Nimwambie nini, mdogo wangu?"

Nikafunga albamu, nikamsukumia.

"Mwambie nimeziiba. Ataamini."