Sinema ya Eropleni Bubu

Nimeona wajinga wengi katika maisha yangu, wengine nimewashonea hata suruali, lakini mtu aliyepaa futi elfu tatu angani ili akapige picha shati lake mwenyewe nimemwona mmoja tu. Aliitwa Bwana Kolfildi, na mume wangu Theodori alikuwa akimfanyia kazi.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1956. Maji yalikuwa yameanza kurudi mtoni na watu wako mashambani wanavuna mpunga. Kampuni moja ya Ulaya ilitaka ipewe bonde, upande wa ng'ambo ya mto, ilime miwa. Wakubwa wake walipenda kuliona bonde hilo bila kukanyaga tope, kwa hiyo wakamtuma Bwana Kolfildi alitengenezee sinema kutoka angani. Yeye akasema eropleni ya kawaida inatetemesha picha na kuwakimbiza nyati na sheshe, wale swala wetu wa mbugani. Akaja Ifakara na eropleni isiyo na injini, imefunguliwa vipande vipande juu ya tela refu. Ilivutwa na lori kwa waya mrefu pale uwanjani, ikapanda kama tiara, kisha rubani akauachia waya na kutafuta hewa ya moto ya kumpandisha zaidi. Haikutoa sauti yoyote. Sisi watu wa mtaa wa Mlabani tukaiita eropleni bubu.

Rubani wake alikuwa Mpolandi, Zigmunti, mtu mwembamba aliyeletwa Tanganyika na vita na asirudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini salamu aliijua. Kila akipita barazani kwangu nilipoweka cherehani alisimama, akasema, "Hujambo, Mama Kandida," akangoja nijibu. Bwana Kolfildi alipita mara arobaini na sidhani kama hata mara moja aliona kuwa pale pamekaa mtu.

Theodori alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye gari la sinema la serikali, Morogoro, akizunguka vijijini kuonyesha picha za mbolea na za chanjo. Alikuwa ameona sinema mbaya nyingi kuliko mayai aliyopata kula Bwana Kolfildi, na aliweza kukwambia kila moja iliharibikia wapi. Lakini Bwana Kolfildi alimchukua kwa kazi ya kubeba sanduku na kuingiza mikanda ndani ya kamera.

Siku ya kwanza tu walishindana. Bwana Kolfildi alikuja uwanjani na shati jeupe lililopigwa pasi, akaanza kufuta kifuniko cha kioo cha eropleni kwa leso kavu. Hakikuwa kioo hasa, kilikuwa plastiki laini.

"Bwana," Theodori akamwambia, "ukifuta vumbi hilo likiwa kavu utakwaruza. Lioshwe kwa maji mengi kwanza. Na shati hilo jeupe litajirudisha kwenye kioo. Picha italiona shati kabla ya kuliona bonde."

Bwana Kolfildi alicheka. "Theodori, mimi nimepiga sinema Misri na Bara Hindi."

"Ndiyo, Bwana. Na kamera usiishike mkononi. Tuifungie mto wa pumba, iulalie pale ukingoni."

"Unataka nilale? Nimekuja kufanya kazi."

Pembeni alisimama Valeriani, karani ambaye kampuni ilimwajiri hapa hapa. Huyu alikuwa na kofia moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuivua. Akacheka kwa sauti kuliko bwana wake, akamwambia Theodori kwa Kiswahili, "Wewe, nani alikuuliza?"

Wakapanda siku nne mfululizo. Zigmunti alikaa mbele akiendesha, Bwana Kolfildi nyuma na kamera yake, ile ya kuzungushwa ufunguo kama saa ya ukutani. Theodori alibaki chini na sanduku, akitazama juu. Jioni nilipomdadisi aliniambia kwamba kutoka chini tu, kwa kuangalia jinsi yule bwana alivyojigeuza huku na huku kama kuku kwenye tenga, aliijua picha itakayotoka.

Siku ya nne, eropleni ikiwa inazunguka kupanda na hewa ya moto, Bwana Kolfildi alitapika. Alitapika ndani ya helmeti yake, na kilichozidi akamtapikia Zigmunti mgongoni. Waliposhuka alisema ni mayai ya Ifakara. Zigmunti akaenda kuosha shati lake kwenye pipa. Mayai yenyewe aliyauza mama Emerensiana wa jirani, na sisi wote tulikuwa tukiyala.

Kulikuwa kumebaki mkanda mmoja. Bwana Kolfildi akajilaza kitandani, akamwita Theodori.

"Kesho utapanda wewe. Utapiga majani. Majani matupu, upande wa kusini. Nyumba usipige, zinachafua picha. Umesikia?"

"Wala madungu," Valeriani akaongeza. Madungu ni vile vibanda vyetu vya juu ya miti vya kulindia mpunga. "Wakubwa wanataka kuona ardhi ambayo haina mtu."

Theodori alinisimulia haya jioni ile nikiwa namalizia kushona. Mama yangu, Balbina, alikuwa amekaa kwenye dungu lake ng'ambo ya mto tangu mwezi wa Machi, akifukuza ndege na nguruwe.

"Baba Kandida," nikamwuliza, "mtu akikwambia mama yangu anachafua picha, unamjibuje?"

"Nilisema ndiyo, Bwana."

"Ahaa. Basi jizoeze kulisema, maana wakishapanda miwa utalisema mpaka ufe. Na mimi nitakuwa nakusikiliza."

Akauliza kama nimebakiwa na kaniki. Nilikuwa nayo. Nikamshonea shati jeusi la mikono mirefu, na kwa kipande kilichobaki nikashona mfuko, tukaujaza pumba za mpunga, ukawa kama mto wa mtoto. Nilifanya hivyo nikiwa bado nimemnunia, mjue hivyo.

Asubuhi aliosha kile kifuniko kwa ndoo tatu za maji, akakikausha kwa pamba. Zigmunti alilitazama shati la kaniki, akaitikia kwa kichwa, akavua lake la kaki na kuvaa sweta jeusi. Bila maneno mengi walikuwa wameelewana.

Walielekea kusini kama walivyoagizwa. Huko chini yalikuwa majani na maji, maji na majani, na eropleni ikaanza kushuka. Theodori aliona mishale ya saa za mbele, zile za kupimia kimo na mwendo, ikilala yote.

"Hapa hewa kufa," Zigmunti akasema. "Maji baridi. Tukae hapa, dakika tano, tunaogelea."

"Hewa hai iko wapi?"

Zigmunti akanyoosha kidole. Mbali kidogo tai walikuwa wakizunguka bila kupiga mbawa, na chini yao ardhi ilikuwa imekauka, ya rangi ya dhahabu. Ni mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa. Joto lilipanda kutoka pale pale ambapo watu walikuwa wamelima.

Wakaenda. Eropleni iliinuliwa kama mtu aliyeshikwa kwapani. Theodori alikaa na kamera mapajani, haijafunguliwa. Aliniambia baadaye kwamba kwa mizunguko miwili hakufanya kitu. Aliona mashamba yamepangana kama mikeka iliyoanikwa, na njia za miguu, moshi, mitumbwi imefungwa kwenye vijito, madungu mengi asiyoweza kuyahesabu. Akaona angeweza kushuka na mkanda mtupu, aseme kamera ilikwama. Hakuna ambaye angemfanya kitu.

Halafu akaliona dungu la mama yangu, na juu yake mtu mdogo anapunga kanga.

Akafungua kidirisha kidogo cha pembeni ili kioo kisiwe katikati, akaweka mto wa pumba ukingoni na kamera juu yake. "Bwana Zigmunti, niondolee bawa." Zigmunti akalilaza bawa chini, polepole, bonde lote likafunguka. Theodori alishika pumzi, akahesabu hadi kumi na tano, akafunga. Akazungusha ufunguo, akangoja eropleni itulie, akapiga tena. Hakukimbiza kamera huku na huko. Kila kitu alikipa muda wa kuonekana. Mkanda ulikuwa wa dakika tatu tu, na alimaliza wote juu ya mpunga.

Mikanda ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya wiki saba, kwa ndege ile ile iliyowaleta wakubwa wawili wa kampuni. Mtu mwenye akili angeitazama peke yake kwanza. Bwana Kolfildi alisema haina haja.

Wakaifanya sinema mchana, ndani ya ghala la mpunga, madirisha yamezibwa kwa magunia. Valeriani alitukusanya tangu saa nne, watu wa mjini na wa ng'ambo, akatupanga kwenye sakafu. "Nikivua kofia, mpige makofi," akatuamuru. "Wakubwa waone kwamba mmefurahi." Mama yangu alikuwepo, na Kelestini na Hilari, wakulima wa ng'ambo, na Klementina ambaye mdomo wake ulijulikana hadi Mahenge. Theodori alisimama nyuma kwenye mashine.

Ukaanza mkanda wa kwanza. Tuliona shati. Tuliona vifungo vyake, vinne, vikielea juu ya mawingu. Ikaja pua. Kisha dunia ikapinduka, mbingu ikaenda chini, mto ukapita mbio kama nyoka aliyepigwa fimbo, likaja bawa, likakaa, likakaa sana, halafu goti la mtu. Mkanda wa pili ukawa hivyo hivyo, ila goti lilikuwa la upande mwingine.

"Hilo bonde liko wapi?" Klementina akauliza. "Ndani ya shati?"

Ghala zima likacheka. Bwana Kolfildi alisimama, amekuwa mwekundu, akawaambia wakubwa kwamba msaidizi wake aliingiza mikanda vibaya. Theodori alisikia, akapachika mkanda wa mwisho mashineni. "Lakini huu wa mwisho," yule bwana akaendelea, "niliuelekeza mwenyewe kwa makini. Mtaona ardhi tupu, tayari kwa jembe."

Ukaja wa mwisho.

Kicheko kilikatika. Picha ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Shamba moja likapita taratibu, likaja la pili, na kila tuta lilionekana. Kisha Kelestini akanyanyuka. "Pale kwangu!" Na Hilari: "Kwangu ule mwembe! Baba yangu amezikwa chini yake!" Watu wakaanza kuitana majina, kaka, dada, shemeji. Likaja dungu na kile kikanga kinachopungwa. Mama yangu hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, akaubana.

Valeriani alikuwa ametoka jasho. Akavua kofia ajifute kipaji, na watu, kwa kuwa waliagizwa, wakapiga makofi ghala likatikisika.

Mkubwa mmoja, mzee mwenye fimbo, akageuka. "Wanasema nini?"

"Wanafurahi, Bwana Mkubwa," Valeriani akajibu upesi. "Wanashukuru kampuni."

Mzee yule akamtazama Theodori. "Wewe. Wanasema nini?"

Nilimwona mume wangu akinitafuta kwa macho katika lile giza. Sikumsaidia. Nilijua nikimpa hata ishara, litakuwa neno langu.

Akasema, kwa Kiingereza chake cha gari la sinema, polepole, "Wanataja mashamba yao, Bwana. Huyu ni Kelestini, shamba lake lile la kwanza. Huyu ni Hilari, kaburi la baba yake lipo pale. Huyu mama ni mkwe wangu. Ndiye aliyesimama kwenye kile kibanda. Ardhi uliyoambiwa ni tupu, wenyewe ndio hawa wamekaa sakafuni."

Mzee akaomba aonyeshwe tena. Theodori akaurudisha mkanda, akauonyesha mara ya pili, na safari hii watu waliinuka wakaenda kuonyesha kwa vidole kwenye shuka lenyewe lililotundikwa ukutani.

Wakubwa walimsimamisha Bwana Kolfildi nje juani karibu saa nzima wakimhoji. Kesho yake walivuka mto kwa mtumbwi wajionee kwa macho, na mmoja akaacha kiatu kwenye tope. Miwa haikuja upande ule. Sisemi mkanda ule peke yake ulifanya kazi hiyo; mafuriko ya mwaka uliofuata nayo yalisema yake. Valeriani ndiye anayesema hivyo. Mpaka leo husimulia kilabuni kwamba ni yeye aliyewapa watu ishara ya kupiga makofi.

Bwana Kolfildi alimfukuza Theodori kazi siku ile ile. Lakini kesho yake jioni Bwana Kolfildi alikuja barazani kwetu. Alikuwa amepata kazi nyingine, Uganda, ya kupiga picha za ziwa kutoka angani. Hakuomba radhi. Alisimama karibu na cherehani yangu na daftari mkononi, akauliza, "Uliishikaje kamera?"

Nilimtupia jicho Theodori nikitaka amwambie aondoke. Yeye alivuta kigoda, akamkaribisha, akaanza kumweleza: shati jeusi, maji kabla ya kitambaa, mto wa pumba, kidirisha, kumwomba rubani alaze bawa, kushika pumzi, kungoja. Alieleza kama mwalimu, bila hasira, na yule bwana akaandika mistari miwili. Kisha dereva wake akapiga honi barabarani, na Bwana Kolfildi akafunga daftari Theodori akiwa bado katikati ya sentensi.

"Inatosha," akasema. "Mengine nayajua."

Akaenda zake. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Juni, mpaka machozi yakamtoka.