Kitanda cha Nahodha

Mwaka wa hamsini na nne Mzee Yakub alimaliza kulitengeneza lile ghala kuukuu la bandarini, akalijaza nanga, makasia na kengele za stima zilizostaafu, akaliita makumbusho. Mimi akaniajiri niwaeleze wageni. Mimi ni Mgusii wa milima ya Manga; ziwa nililijua kwa kulitazama kutoka mlimani. Lakini shule ilinipa mdomo, na mdomo ukanipa kazi.

Siku moja lori likaleta akina mama wa kanisa kutoka Magwagwa. Namwona nani anateremka? Nyamusi, mama yake Mokeira, msichana ambaye wazee wetu walikuwa waende kuniposea Jumamosi. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na mama mkwe humkaribii hivi hivi. Mkikutwa pamoja kwenye chumba chenye kitanda, uchumba umekwisha.

Nikakimbilia chumba cha mwisho, cha nahodha, kilichong'olewa kizima kutoka kwenye stima. Nyayo zikanifuata huko huko. Kidirisha chenyewe hata kuku hapiti. Nikaingia uvunguni mwa kitanda.

"Persis, ngoja nikae kidogo. Lori limenivunja kiuno," Nyamusi akamwambia mwenzake, na kitanda kikabonyea hadi puani kwangu.

"Pumzika, Mama Mokeira. Kwani yule kijana si anafanya kazi hapa?"

"Ndiyo. Nasikia anachekesha hata mawe. Mimi nataka kujua kama ana haya. Asiye na haya simpi mtoto wangu."

Vumbi likanitekenya pua. Nikaiziba.

"Ombui," Mzee Yakub akaita kutoka nje, "njoo uwaeleze wageni hicho kitanda."

Hakuna aliyekuwa karibu nacho kuliko mimi.

Nyamusi akasimama, kitanda kikainuka. Kisha viatu vyake vikasita mwisho wa kitanda. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nahodha yule alikuwa mfupi, na kwamba miguu yangu yote ilikuwa nje.

"Persis, tangulia," Nyamusi alisema polepole. Kitu chepesi kikaniangukia miguuni. Leso yake ya kujitanda. Kisha nikamsikia mlangoni: "Mzee Yakub, ukimpata huyo kijana, mwambie wazee wake waje Jumamosi. Mimi leo sikumwona."

Akaenda. Nami nitatokaje? Leso ya mama mkwe ni mwiko kuiondoa, hata kwa kidole cha mguu. Akina mama wengine wakaanza kuingia.

"Na hicho kilichofunikwa hapo chini?" mmoja akauliza.

"Hicho," Mzee Yakub akajibu, "bado hakijatengenezwa."