Taa ya Zambarau Ofisini kwa Shefu

Saa moja kamili kila asubuhi, Shefu Éphraïm, mkuu wa kituo kidogo cha afya pembeni ya Rumonge, aliifunua taa ya zambarau ya kuua virusi, akaiwasha, akatoka mbio na kufunga mlango. Taa ililetwa kwa ajili ya chumba cha watoto. Lakini chumba cha watoto hakina zulia wala pazia, na kitu cha bei namna ile, jamani, utakiweka wapi? Ikakaa ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Siku ya nne virusi walichoka. Walipita chini ya mlango mmoja mmoja, wakubwa kama chikichi, wana manyoya, wakamsalimia mlinzi, amahoro, wakavuka ua na kuketi kwenye benchi la chumba cha watoto. Hadjara, muuguzi wa zamu, akawapa namba kama watu wengine.

Kwenye benchi hilo alikuwepo Zuwena na binti yake wa wiki tatu, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mama aliambiwa hata mafua tu yangeweza kumwondoa mtoto duniani. Zuwena aliogopa, wala hakuficha.

"Ninyi, hamuna kwenu?" aliwauliza.

"Kwetu ni ofisini, mama," akajibu mzee wao, kwa adabu. "Lakini kule kunawaka. Tuende wapi sasa?"

Hadjara akaenda kuomba taa, asubuhi moja tu.

"Ikivunjika, nani atajibu?" Shefu akasema. "Na kesho iko wageni."

Wageni wa ukaguzi walifika kutoka Bujumbura. Walipima virusi ofisini: meza, kiti, hata kalenda ya ukutani, wasipate kirusi hata mmoja. Wakapiga makofi, wakaandika *très bien* kwenye rapoti, wakaahidi taa ya pili, ya choo cha Shefu. Watu wazima na akili zao!

Basi Zuwena akamfunga mtoto kifuani, akabisha hodi ofisini. Si ndipo mahali safi? Aliomba pembe tu ya kukaa.

Shefu akafungua mlango kidogo, mkono puani.

"Hapana, mama. Utaniletea virusi."

Zuwena akarudi chumba cha watoto. Benchi lilikuwa limejaa. Virusi walipomwona amesimama, wakabanana, wakampa nafasi katikati. Akawashukuru, murakoze, akaketi. Mtoto akapiga chafya.

"Pole, mutoto," wakasema wote.