Kioo cha Tatu

Mwishoni mwa Januari Apolonia alibandika vipande vitatu vya kioo ukutani, kila kimoja kikivuka ufa: kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Ukuta ukisogea hata unene wa uzi, kioo kitapasuka. Visipopasuka kwa wiki sita za mvua, nyumba ya Bi Kumud haitabomolewa. Hivyo ndivyo mhandisi huyo kutoka Mbeya alivyoeleza.

Nyumba ilikuwa katikati ya mji wa Iringa. Babu yake Kumud aliijenga kwa matofali ya kuchoma na udongo, akauza vitambaa ndani, mafundi cherehani wakashona barazani. Baadaye ikawa duka la ushirika, ikapigwa plasta ya saruji. Kisha nyumba ya wageni. Kisha darasa la tuisheni. Apolonia aliishuku plasta, maana saruji hufungia maji ndani ya ukuta wa namna hiyo. Aliagiza ibanduliwe yote. Chini yake ilitokea chokaa ya buluu ya duka la babu, na Kumud akaipapasa kwa kiganja.

Aliyesubiri jibu kuliko wote ni Goodness, mshonaji wa sare za shule. Alishakubaliana na Kumud kupanga humo, na vyerehani vyake vinne vilikuwa tayari ndani, vimefunikwa turubai.

Katikati ya Machi Apolonia alirudi. Kioo cha juu kizima. Cha katikati kizima. Cha chini nacho kizima, lakini hicho alikiinamia. Viwili vya kwanza vilikuwa na vumbi la wiki sita. Hiki kilikuwa kinang'aa.

Akauliza nani amekigusa. Goodness alieleza kwamba walipokuwa wakiingiza vyerehani, mguu wa chuma ulikigonga kikavunjika. Akaogopa, akakatisha kingine kwa fundi vioo, akakibandika.

"Lini?"

"Jumapili iliyopita, injinia. Ila ukuta hauna kosa. Kosa ni langu."

"Huenda. Mimi sijui, na wewe hujui. Aliyepaswa kujua ni kioo."

Kumud akacheka kidogo. "Mshonaji huyu, injinia. Ameona tundu, ametia kiraka."

Apolonia hakusaini fomu ya kuidhinisha nyumba. Alibandika kioo kipya, akakiandikia tarehe kwa wino usiofutika, akatoa wiki sita nyingine. Goodness alihamishia vyerehani barazani, mbali na ukuta, akaanza kushona huko. Wazazi waliotoka sokoni wakamwona, wakasimama kuulizia sare.

Aprili mvua ilinyesha kuliko Machi. Ilipokwisha, Apolonia alikuja, akakuta viwili vya kwanza vizima, akapitisha kidole juu ya kioo cha tatu. Kizima, kina vumbi, tarehe inasomeka. Akafuta kidole, akatoa fomu, akasaini.

Goodness aliuliza kama sasa anaweza kuingiza vyerehani ndani.

"Ndani ni salama," Apolonia alisema.

"Viwili ingiza," alisema Kumud. "Viwili niachie barazani, kama enzi za babu."