Viti Vilitangulia

Viti vilifika kabla ya habari yoyote. Asubuhi ya tatu tangu binti wa dada yangu apotee baharini, lori la klabu ya mashua liliingia uani kwa dada, likashusha turubai jeupe na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama sahani.

"Poleni," alisema meneja wa klabu, tai imemkaba. "Tumeona tusiwaache peke yenu."

Binti tulimwita Kiroboto, kwa vile alivyorukaruka juu ya mashua akikimbizana na kamba. Klabu ilimwajiri asafiri na wanachama, matajiri wanaopenda upepo lakini hawapendi kuvuta kamba. Siku ile aliwaambia mlingoti una ufa. Akajibiwa kuwa mashindano hayamsubiri mtu. Mlingoti ukakatika, mashua ikabinuka. Mwanachama aliyekuwa naye akaokolewa na mashua iliyokuwa karibu. Kiroboto alionekana mara ya mwisho amekumbatia boya, mkondo unamvuta nje. Mwanachama alifungwa taulo, akapewa chai. Taulo lile alikuja kulifua dada yangu, maana ndiyo kazi yake pale klabuni.

"Mtu asikalie viti hivyo," nikasema.

Watu husema nina kinyongo. Sina kinyongo, nina kumbukumbu. Zamani, fundi wa matanga, yule mshonaji wa vitambaa vya mashua za klabu, alipopotea baharini, viti vilikuja hivi hivi. Tukakaa, tukalia. Kabla jua halijazama boti ya uokoaji ilikuwa imefungwa gatini, injini imepoa. Tulipouliza tukaambiwa: familia imeshaanza maombolezo, hatukutaka kuwasumbua. Machozi yetu wenyewe ndiyo yaliyotia sahihi.

Basi tukasimama, ua mzima. Mpiga pasi wa mtaani akawa anahamisha uzito mguu huu na ule.

"Mzee mwenzangu, magoti yangu hayana siasa."

"Egemea ukuta."

"Ukuta wenyewe umeshajaa."

Kweli, ulikuwa umejaa. Meneja akanisogelea na sauti ya hospitalini. "Mzee, ni viti tu."

"Kama ni viti tu, keti wewe."

Akavitazama. Hakuketi.

"Boti imetoka leo?" nikamuuliza.

"Watu wa bandari wanasubiri kujua familia mmefika wapi."

"Sisi tumefika hapa uani. Wao wamefika wapi?"

Watu wakacheka, kicheko cha watu wasiolala, kikafa mara moja. Na hapo dada yangu, ambaye tangu aambiwe mashua imebinuka alikuwa anazunguka nyumba kama anayetafuta ufunguo, aliuachia mlango aliokuwa ameuegemea. Akavuta kiti. Akaketi.

Jirani mmoja akaangua kilio. Meneja akatia mkono mfukoni, akatoa simu.

"Dada," nikamwita. "Umekubali?"

"Nimechoka, kaka. Miguu ndiyo iliyokubali. Mimi bado."

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni, ya fundi wa matanga na ya wote waliomtangulia. Nikaimeza. Dada ndiye aliyemgeukia yule jirani.

"Wewe, nyamaza, unanililia nani? Hebu nibebeeni hiki kiti. Kama ni kukaa, nitakaa gatini. Msafiri hasubiriwi uani."

Mpiga pasi akawa wa kwanza kujitwika viti vinne, magoti yake yamesahaulika. Wengine wakafuata. Tulishuka na barabara inayopita nyuma ya maghala, msafara wa viti vyeupe vichwani, meneja nyuma yetu anaongea na simu huku anakimbia. Gatini tukavipanga mstari mmoja, vinatazama maji. Boti ya uokoaji ilikuwa palepale, kamba imekaza, nahodha wake anakula karanga.

Akasimama haraka. "Poleni na msiba, mama."

"Msiba wa nani?" dada akamuuliza. "Mimi nimekuja kumpokea mtoto. Au hapa siyo stendi?"

Nahodha akamtazama, akatazama ule mstari wa watu, kisha meneja aliyekuwa anahema. Meneja akafungua mdomo. Nahodha hakungoja. Alimwaga karanga majini, akafungua kamba, na injini ikakohoa mara mbili kabla ya kushika.

Sikushangilia. Boti kutoka siyo mtoto kurudi, hilo nalijua kuliko wengi. Tulikaa tu, migongo ikauma, mawimbi yakapiga nguzo chini yetu. Dada alilegea taratibu, kichwa kikaangukia begani kwangu, macho yamefumba.

Jua likapanda. Meneja, ambaye hakuthubutu kuondoka, alifungua tai, akatafuta pa kujishikiza, hakupaona. Mwishowe akakiona kiti kimoja kitupu, upande wa pili wa dada yangu. Akakishika mgongo.

"Hicho kina mwenyewe," dada akasema, bila kufumbua macho.